Bunduki ya Pampu Inapokwama

Mwindaji wa bata asimamaye kinamasini alfajiri, maji yakiwa magotini, hufyatua mara moja, huvuta kishikio cha bunduki yake na kukirudisha, hulenga tena, na badala ya mshindo husikia mlio mdogo wa chuma kikigonga chuma. Au kishikio chenyewe hugoma katikati ya njia, hakiendi mbele wala hakirudi nyuma. Bata wamekwisha kwenda zao, na hilo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba sasa mtu huyo ameshika bunduki asiyojua kilichomo ndani yake. Hapo ndipo watu wenye akili zao timamu hufanya mambo ya ajabu: huchungulia mdomo wa mtutu, hupiga kitako chini kwa nguvu, huchokonoa kwa kisu, na wengine huvuta kifyatulio ili, kama wasemavyo wenyewe, bunduki "ifunguke."

Bunduki ya marisau ya pampu ni chombo cha Wamarekani, na huko ndiko ilikostawi. Ile ijulikanayo kuliko zote ni Remington Model 870, iliyotolewa mwaka 1950 kuchukua mahali pa Model 31 ya kiwanda hicho hicho. Kwa miaka mingi ilitengenezwa katika mji mdogo wa Ilion, jimbo la New York, mpaka kiwanda cha huko kilipofungwa mwaka 2024 na kazi kuhamishiwa jimbo la Georgia. Kabla ya mwaka 2010 bunduki zilizokwisha kutengenezwa zilikuwa zimepita milioni 10. Kwa kuwa nyingi zimepita mikono ya baba, mtoto na mjukuu, malalamiko juu yake nayo ni mengi, na yanayosikika mara kwa mara ni kwamba risasi haziji. Aghalabu bunduki husingiziwa. Kosa huwa katika mkono, au katika risasi, au katika uchafu. Chuma chenyewe huwa cha mwisho kushitakiwa kwa haki. Ayajuaye mambo yanavyofuatana ndani ya sanduku la chuma hatahangaika kutafuta tupa wala nyundo.

Risasi nne hukaa katika bomba jembamba lililo chini ya mtutu, zimefuatana kama mabehewa ya gari la moshi, na springi ndefu huzisukuma daima kuelekea nyuma. Mahali zinapotokea bombani pana ndimi mbili za chuma, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ulimi wa kulia ndio uzuiao risasi ya kwanza isitoke wakati bunduki imefungwa. Mtu avutapo kishikio nyuma, fito mbili zilizoungwa nacho huvuta komeo. Komeo hutoka kwenye chumba cha risasi likiwa na ganda tupu katika kulabu yake. Ganda hugonga kirushio, likaruka nje. Kishikio kifikapo mwisho kabisa wa safari ya nyuma, ufito wa kulia huusukuma kando ulimi wa kulia, na risasi moja hutoka bombani ikalala juu ya kibebeo. Papo hapo ulimi wa kushoto huizuia ya pili isifuate. Kisha kishikio hurudi mbele: kibebeo huinuka na kuipandisha risasi mpaka ikabili chumba, komeo huisukuma ndani, na ulimi wa kushoto hufunguka ili ile ya pili isogee nyuma kidogo, ikakamatwe na ulimi wa kulia. Ndiyo safari nzima, na mkono mzuri huimaliza chini ya nukta moja.

Maneno ya kushika katika habari hiyo ni "mwisho kabisa." Ulimi wa kulia haufunguki ila kishikio kifike nyuma bila kubakiza hata upana wa kidole. Mwenye mkono mwoga, au aliyezoea bunduki ya mitutu miwili isiyohitaji kuvutwa, hurudisha kishikio mbele kabla hakijafika. Matokeo yake ni moja kati ya mawili: ganda tupu halirushwi, likarudishwa chumbani au likabanwa mlangoni; au ganda hutoka vizuri lakini risasi mpya haikuachiliwa, na komeo hufunga chumba kitupu. Mtu huyo akivuta kifyatulio husikia ule mlio mdogo, naye huapa kwamba bunduki imeharibika. Imefanya kama ilivyoamriwa. Dawa yake ni kuvuta kwa nguvu kama mtu afungaye mlango uliovimba kwa mvua, na kurudisha kwa nguvu ile ile. Bunduki ya pampu haiharibiki kwa kuvutwa kwa ukali. Hukwama kwa kubembelezwa.

Kuna lalamiko lingine lisilo na ugonjwa wowote nyuma yake. Mtu hununua bunduki, hutia risasi, hufunga, kisha ataka kuifungua tena bila kupiga, na kishikio hakisogei hata kidogo. Hudhani kimekwama. Lakini bunduki hizi hufanywa makusudi ili zisifunguke wakati nyundo ya ndani imetegwa, mpaka ifyatuliwe au kifungio kibonyezwe. Katika Remington 870 kifungio hicho ni kidole kidogo cha chuma kilicho mbele ya pete ya kifyatulio, upande wa kushoto. Katika Mossberg 500 kiko nyuma ya pete hiyo. Asiyeambiwa habari hiyo dukani hugundua mwenyewe kwamba akivuta kifyatulio kishikio hulegea, na ugunduzi huo umewahi kutoboa dari za nyumba na kuta za jirani. Yeyote amwuziaye au amwazimaye mwenziwe bunduki ya namna hii, akiacha kumwonyesha kifungio, amempa nusu ya bunduki, na ile nusu ya hatari.

Kabla ya kutafuta kasoro yoyote, mdomo wa mtutu uelekezwe mahali ambapo risasi ikitoka haitadhuru, kidole kiwe nje ya pete, na kizuizi cha usalama kifungwe, ingawa kizuizi hicho si cha kutegemewa peke yake. Ikiwa kifyatulio kilivutwa na risasi haikulia, bunduki ishikwe hivyo hivyo kwa muda wa nukta 30, kwa maana fataki iliyochelewa huweza kuwaka baadaye. Ikiwa risasi ililia kwa sauti hafifu, kama mtu apigaye kofi juu ya mto, usipigwe mwingine mpaka mtutu umetazamwa kwa mwanga na kuonekana wazi toka nyuma hata mbele. Huenda kizibo cha risasi kimebaki njiani, na risasi itakayofuata itaupasua mtutu. Kisha risasi zote zitolewe, na chumba na mlango wa bomba vipapaswe kwa kidole, maana jicho gizani hudanganyika. Hata kitako kisipigwe chini kamwe huku risasi nzima ikiwa chumbani: apigaye hivyo huwa amesimama juu ya mdomo wa mtutu wake mwenyewe.

Sasa habari ya kutia risasi. Risasi husukumwa bombani kwa kidole gumba kupitia mlango wa chini, na lazima iende mpaka ulimi wa kulia uikamate kwa mlio wa "tiki" unaosikika. Mwenye haraka, au mwenye mikono iliyokufa ganzi kwa baridi, huisukuma karibu ya kutosha, akaondoa kidole. Springi nayo huirudisha nje, ikalala juu ya kibebeo chini ya komeo lililofungwa. Hapo bunduki imefungwa kwelikweli: risasi hiyo huzuia mitambo isirudi nyuma, na kishikio hakivutiki hata kifungio kikibonyezwa. Hili ndilo kukwama kulikowatesa wenye 870 za zamani kuliko jambo lingine lolote, na aghalabu hutokea huku risasi nyingine hai ikiwa tayari chumbani. Katika miaka ya 1980 kiwanda kilibadili kibebeo, kikakikata upenyo wenye umbo la herufi U, ili ulimi wa katikati uweze kupinda, na komeo livutike nyuma kwa nguvu juu ya risasi iliyopotea. Mwenye bunduki ya mitumba aigeuze tu atazame chini: akiuona upenyo huo katika kibebeo, ana ya namna mpya, akikuta bamba zima lisilo na upenyo, ajue kwamba ile "tiki" ya kidole gumba ni sharti kwake. Bunduki ya zamani ikikwama hivyo, kwa kuwa chumbani huenda mna risasi hai, kazi ya kuifungua ni ya fundi.

Risasi zenyewe nazo hustahili kuhojiwa. Zamani maganda yalikuwa ya karatasi ngumu yenye kichwa cha shaba, na karatasi hunywa maji. Wamarekani walijifunza jambo hilo kwa taabu katika Vita Kuu ya Kwanza, walipopeleka Ufaransa bunduki za pampu za Winchester Model 1897 kwa kupigania ndani ya mahandaki. Wajerumani walizichukia bunduki hizo hata wakapeleka malalamiko rasmi Septemba 1918, wakidai kwamba ni kinyume cha sheria za vita, Marekani ikakataa. Lakini adui aliyezidi kuzisumbua alikuwa matope: maganda ya karatasi yalivimba, hayakuingia chumbani, na yaliyoingia hayakutoka. Ikabidi zitengenezwe risasi za maganda ya shaba tupu. Maganda ya plastiki, yasiyovimba, yaliletwa na Remington mwaka 1960, na leo ndiyo yaliyo kila mahali. Hata hivyo maboksi ya zamani yangali katika makabati ya watu. Risasi ya karatasi iliyovimba, au ya plastiki iliyobonyea kwa kukanyagwa, au ile ambayo shaba yake imeota ukungu wa kijani, isilazimishwe kuingia. Itengwe.

Urefu nao una neno lake. Ubavuni mwa mtutu huandikwa risasi gani inafaa: inchi 2¾, yaani milimita 70, au inchi 3, yaani milimita 76. Urefu huo ni wa ganda lililokwisha kufunguka baada ya kupigwa. Kwa hiyo risasi ya inchi 3 isiyopigwa huweza kuingia kwa utulivu katika chumba kifupi, ikamdanganya mtu, kisha mdomo wake ukakosa nafasi ya kufunguka na nguvu ya baruti ikazidi kiasi. Zile fupi sana za inchi 1¾ zilizoingia sokoni katika miaka ya karibuni hazina hatari hiyo, ila bunduki nyingi za pampu haziziwezi: kibebeo kilikatwa kwa kipimo cha risasi ndefu, na hizo fupi hupinduka juu yake kama mtoto katika kitanda cha mtu mzima. Mtu asiitupe bunduki yake kwa sababu ya hizo. Arudi kwenye kipimo kilichoandikwa.

Lililo baya kuliko yote ni kuchanganya namba 20 na namba 12 mfukoni. Risasi ya namba 20 ni nyembamba. Ikitiwa katika bunduki ya namba 12 hupita chumba na kunasa mbele yake, mtutuni, ambako jicho haliioni kwa urahisi. Mwenye bunduki huvuta kifyatulio, hapati kitu, huona chumba ni kitupu, naye husema, "Risasi haikuja." Hutia ya namba 12 nyuma yake. Mtutu hupasuka karibu na mkono wa kushoto. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa Marekani huzifanya risasi za namba 20 kuwa za rangi ya manjano, ili zijulikane upesi. Mwenye bunduki za namba zote mbili nyumbani na asitoke na zote siku moja, na koti lipekuliwe mifuko yote kabla ya safari.

Ikiwa mkono ni mwema na risasi ni njema, basi itazamwe bunduki. Chumba huwa cha kwanza. Risasi za bei ndogo huwa na kichwa cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu, na chuma hicho kikitanuka kwa moto wa baruti hakirudi kama shaba irudivyo. Zikipigwa katika chumba chenye mikwaruzo ya kiwandani au kutu, hung'ang'ania. Kishikio hukataa kurudi nyuma baada ya kupiga, na mtu hulaumu springi ya bomba isiyohusika kabisa. Wenye 870 Express, ile ya bei nafuu iliyotolewa mwaka 1987, wameyajua hayo sana. Chumba kisuguliwe kwa burashi ya shaba na mafuta ya kusafishia mpaka kitambaa kitoke cheupe, kwa kuwa mabaki ya plastiki hujipaka ukutani kama masizi ya chungu. Likibaki tatizo, fundi hung'arisha kwa sufi laini ya chuma. Jaribio rahisi ni kununua boksi moja la risasi zenye kichwa cha shaba halisi; zikitoka bila taabu, jibu limepatikana.

Bomba nalo husahauliwa kwa sababu halionekani. Mchanga, mafuta yaliyoganda na kutu hupunguza mwendo wa risasi, na bomba lililobonyezwa kidogo tu kwa kuangukia jiwe huzishika risasi katikati. Mara nyingine hakuna ubaya: sheria ya Marekani tangu mwaka 1935 humtaka mwinda ndege wahamao asiwe na zaidi ya risasi tatu katika bunduki, na kwa hiyo kijiti hutiwa bombani ili liingize mbili tu. Anunuaye bunduki kwa mwindaji hudhani springi imekwama, kumbe ni kijiti cha sheria. Afunguaye bomba aondoe uso wake mbele yake na aifunike springi kwa kiganja na kitambaa. Springi hiyo ni ndefu kuliko bomba lenyewe, na ikiruka huenda moja kwa moja jichoni. Bomba lifutwe kwa kitambaa kikavu, kisha lipitishwe mafuta kidogo sana. Mafuta mengi huvuta vumbi, nalo vumbi na mafuta ni udongo wa kufinyangia.

Zimebaki zile ndimi mbili. Katika 870 hazikufungwa kwa skrubu. Zimebanwa kwa kugongwa ukingo wa sanduku la chuma juu yake, na baada ya miaka mingi mbano huo huweza kulegea. Ulimi wa kushoto ukilegea, risasi mbili hutoka kwa mpigo mmoja na kubanana juu ya kibebeo. Wa kulia ukilegea au ukichakaa ncha, risasi hutoroka bunduki ikiwa imefungwa, na kukwama kulikoelezwa juu hurudi ingawa mtu alisukuma mpaka "tiki." Kuzibana upya kunataka chombo maalum na mkono uliozoea. Fundi wa mtaani mwenye nyundo na msumari atalivunja sanduku, na sanduku ndilo bunduki yenyewe. Tupa nayo isiguse ndimi hizo. Ncha ikipunguzwa hairudi. Katika Mossberg 500 mambo ni tofauti: vizuizi vyake havikubanwa, hushikiliwa na mitambo ya kifyatulio, na mitambo hiyo ikitolewa huanguka mezani vyenyewe. Ni rahisi kuvisafisha na kuvibadili, na ni rahisi vile vile kuvirudisha kombo, ndiyo maana Mossberg iliyokataa kazi mara tu baada ya kusafishwa ifunguliwe tena kwanza kabla ya kununuliwa chochote. Nchini Kenya, ambako bunduki huwekwa chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, matengenezo ni ya mwenye kibali, na kipande kilichovunjika hakifai kuzungushwa mitaani kutafuta wa kukiunga.

Kujaribu bunduki iliyosafishwa hakuhitaji hata chembe moja ya baruti. Zipo risasi bandia za plastiki au za shaba, zenye umbo na kipimo kamili, zisizo na kitu ndani. Risasi hai zote ziwekwe chumba kingine na mlango ufungwe. Bandia nne hutiwa, kila moja kwa "tiki" yake, kisha kifungio hubonyezwa na kishikio huvutwa na kurudishwa mpaka zote zimetoka, kwanza mdomo wa mtutu ukiwa sawa, halafu ukiwa juu, halafu ukiwa chini. Zikipita zote kwa mkono mkali na kukwama kwa mkono mpole, hakuna cha kutengeneza ila mkono. Zikitoka mbili mbili, ni ulimi wa kushoto. Mdomo ukiwa chini springi hulazimika kuzipandisha risasi mlima; zikikawia hapo tu na kwingine zikaja vizuri, na bomba likiwa safi, springi imechoka na itiwe mpya.